Mtoto mchanga hajapata choo tangu azaliwe na tumbo linajaa: fanya hivi, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa ajili ya mama aliyejifungua wiki hii, anafungua nepi anakuta kavu, anajiuliza kama ni kawaida au la. Mimi sio dokta wala nesi. Ni mama wa mtoto mwenye Hirschsprung, yani amezaliwa na utumbo mpana ambao kipande chake cha mwisho hakina mishipa ya fahamu kwa iyo choo kinagoma kupita. Sa hivi ana miaka minne anakimbiza kuku wa jirani. Lakini ile wiki ya kwanza nilipoteza siku mbili nzima kwa kitu kidogo tu ambacho hakuna aliyeniambia, ndo hicho nataka wewe ukijue.

Ilikuwa hivi. Mtoto alizaliwa kilo 3.1, kalia vizuri, kanyonya, kesho yake asubuhi tukaruhusiwa. Waliniuliza kama nimepata mkojo, kama damu inatoka sana, chanjo wakampa, kadi wakajaza. Hakuna aliyeuliza kama mtoto amepata choo na mimi mwenyewe wala sikujua kwamba ni swali. Siku ya tatu tumbo limekuwa kama ngoma, unaligonga na kidole linaitika, ngozi inang'aa mpaka unaona mishipa ya damu. Mama mkwe akasema huo ni mchango. Usiku akatapika kwenye kanga yangu, nikawasha taa ya simu nikaona ni kijani. Sio njano ya maziwa, kijani kabisa kama maji ya mchicha.

Haya twende.

HATUA YA 1: Andika saa

Mtoto akizaliwa tu andika saa kwenye simu. Afu andika saa ya choo cha kwanza. Choo cha kwanza ni kile cheusi kinachoelekea kijani, kinanata kama lami, hakina harufu sana. Mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida anakitoa ndani ya masaa 24, na karibu wote wanakuwa wamekitoa masaa 48 yakifika. Watoto njiti wanaweza kuchelewa zaidi, hao hesabu zao muulize dokta wao.

Masaa 24 yakipita bila choo usikubali kuambiwa "atapata tu mama". Omba dokta amwangalie. Na kama mnaruhusiwa kabla ya hapo, sema wazi kabla hujabeba beseni lako, "nesi, huyu bado hajapata choo", waandike kwenye kadi. Kakitu kadogo kama alama ya kidole kwenye nepi usikihesabu kama choo, mimi nilikihesabu.

Wakati huohuo angalia njia yenyewe kama ipo. Usicheke, kuna watoto wanazaliwa njia ya haja kubwa imeziba kabisa, hilo ni tatizo jingine lakini matokeo yake yanafanana. Mlaze mchana kwenye mwanga, panua makalio taratibu, tazama. Kuna wengine wana kitundu kidogo sehemu isiyo yake, mtoto wa kike choo kinatokea karibu na uke, wa kiume unaona mkojo umechanganyika na kijani. Ukiona hivo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Afu nisije nikakutisha bure. Mtoto wa mwezi na nusu au miezi miwili anayenyonya maziwa ya mama tu, ambaye alipata choo vizuri toka siku ya kwanza, anaweza kukaa hata siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, tumbo laini, ananyonya, anacheka. Huyo sio ninayemwongelea hapa. Ninayemwongelea shida yake imeanza toka kuzaliwa, ndo maana ile saa ya kwanza ina maana kubwa, hata akigundulika akiwa na mwaka dokta atauliza hiyohiyo: choo cha kwanza alipata lini?

HATUA YA 2: Jua kipi kinasubiri asubuhi na kipi hakisubiri

Matapishi ya kijani hayasubiri. Hata iwe saa nane usiku, hata iwe mara moja tu. Mtoto mchanga anayetapika kijani ni wa dharura mpaka dokta aseme vinginevyo, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya utumbo, mfano utumbo kujisokota, ambayo masaa machache tu yanaamua.

Vingine vya kukutoa nyumbani sasa hivi: tumbo gumu linalong'aa, mtoto amegoma kunyonya, amelegea kama kitambaa, homa au kinyume chake amekuwa wa baridi, anapumua harakaharaka maana tumbo linasukuma kifua.

HATUA YA 3: Usiguse dawa ya mchango

Hapa nitakaa kidogo maana ndo tunapopotezea watoto.

Nyumbani kwetu ndani ya siku moja zilipendekezwa: dawa ya mchango ya majani, kipande cha sabuni huko nyuma, bomba la maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi na kukandwa tumbo, na dawa ya gesi ya dukani. Waliopendekeza wote wanampenda mtoto, hilo silikatai, na mama mkwe wangu amelea saba. Lakini sikiliza utumbo unavyofanya kazi afu utaona mwenyewe kwa nini hakuna hata kimoja hapo kinachosaidia.

Utumbo unasukuma choo kama unavyokamua dawa ya meno, sehemu moja inabana, ya mbele yake inaachia, inakwenda hivo kama wimbi. Anayeamrisha bana-achia ni seli za mishipa ya fahamu zilizoko ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Hizo seli mtoto akiwa tumboni, kuanzia kama wiki ya 5 mpaka ya 12 ya mimba, zinasafiri kutoka juu kushuka mpaka mwisho kabisa. Kwa watoto wenye Hirschsprung safari inakatika njiani. Panapokosa seli, utumbo haujui kuachia, unabaki umebana muda wote. Kwa watoto kama 8 kati ya 10 ni kile kipande cha mwisho tu karibu na njia ya haja kubwa, wachache ni utumbo mpana mzima.

Ni kama foleni. Barabara yako haina shida ila mbele kuna mtu kafunga njia, magari yanajazana nyuma. Na kitu kilichonishangaza dokta aliponionesha picha, lile eneo la utumbo lililovimba likawa kubwa la kutisha ndo zima, lile jembamba linaloonekana zuri ndo lenye ugonjwa.

Kwa iyo ukimkanda unasukuma magari kwenye foleni. Ukimpa majani unaongeza magari, tena na sumu juu yake kwa maini ya mtoto wa siku tatu. Ukimpiga bomba la maji ya kawaida ni hatari zaidi, nitaeleza huko chini kwa nini. Na sabuni inaunguza.

Halafu ondoa lawama kichwani. Sio kwa sababu ulikula udongo ukiwa mjamzito, sio kwa sababu mligombana na baba yake, wala hamkumbemenda. Mtoto 1 kati ya kama 5,000 anazaliwa hivi, dunia nzima, wa kiume wanapata karibu mara nne kuliko wa kike kwa aina ile ya kipande kifupi. Wenye Down syndrome wanapata zaidi kuliko watoto wengine. Jina lenyewe ni la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeeleza habari za watoto wawili mwaka 1886, na watoto hao aliowaeleza wote wawili walifariki, alijua utumbo umevimba ila hakujua kwa nini. Kwetu wodini wengi wanaita "hishprungi", ukisema hivo wanakuelewa.

HATUA YA 4: Ukifika kituoni sema sentensi moja iliyonyooka

Nilipofika mara ya kwanza nilianza "shikamoo dokta, mtoto hajisikii vizuri, analia lia, tumbo linamsumbua". Nikapewa dawa ya gesi nikarudi nyumbani. Sitaji kituo, haina maana tena, lakini na mimi maneno yangu hayakuwasaidia. Sema hivi: "Mtoto ana masaa 60, hajapata choo tangu azaliwe, tumbo limejaa, ametapika kijani mara mbili." Basi. Hiyo hakuna mganga wa zamu atakayeipuuza kirahisi. Na ile kanga yenye matapishi usiifue, ibebe kwenye mfuko ukamwoneshe, au piga picha kwenye mwanga mzuri.

Beba kadi ya kliniki, nepi, kofia, blanketi. Njiani mtoto akae kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, maana mtoto mgonjwa anapoa haraka.

Kama anatapika kijani usimlazimishe kunyonya, tumbo halina pa kuweka. Pale kituoni wanatakiwa wamwekee mrija wa puani wa kutoa yale maji ya tumboni na dripu yenye sukari ili asipungukiwe maji wala sukari. Kama mnapewa rufaa ya mbali, uliza kabla ya kuondoka: "mrija na dripu tayari?" Kuondoka na bodaboda masaa manne bila hivo viwili ni kumpeleka mtoto akiwa amechoka kabla hajafika.

Wewe mwenyewe kamua maziwa kila baada ya masaa matatu hata kama yanamwagwa. Wenzangu wawili wodini walikauka kwa sababu mtoto alikaa wiki bila kunyonya, siku anaruhusiwa kunyonya hakuna kitu.

Anayemhitaji mtoto wako ni daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, sio kila hospitali ya mkoa inaye. Tanzania wapo Muhimbili, KCMC, Bugando. Kenya Kenyatta na Kijabe, Uganda Mulago na Mbarara. Gharama zikikushinda kwenye hospitali za serikali Tanzania usikimbie usiku, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali ueleze, wanashughulikia misamaha. Kenya msajili mtoto SHA mapema, ile bima ya afya ya serikali.

HATUA YA 5: Vipimo, na kwa nini usikubali picha peke yake

Kwanza dokta anaingiza kidole kidogo kilichopakwa mafuta. Wa kwangu alipotoa kidole, bana, choo na upepo vilifyatuka kwa kishindo mpaka kwenye koti lake jeupe, akarudi nyuma hatua mbili afu akamwangalia nesi wakanyamaza wote. Mimi nikafurahi, nikajua amepona, tumbo lilishuka palepale. Dokta akasema, "Mama, hii ndo inanifanya niwe na wasiwasi zaidi." Kile kishindo ni dalili yenyewe. Na kesho yake tumbo likajaa tena.

Kinachofuata ni eksirei ya tumbo, halafu picha ya dawa nyeupe inayoingizwa kwa nyuma ili waone panapobadilika kutoka pembamba kwenda panene. Kama kuna mtu alishampiga bomba mtoto waambie kabla, usione aibu, maana linaweza kuvuruga ile picha. Mimi niliulizwa "nani kampiga bomba?" nikamwangalia mama mkwe, mama mkwe akaangalia dirishani.

Sasa hapa shika: kwa mtoto mchanga picha inaweza kuonekana nzuri na ugonjwa upo, ule mwembamba na mnene haujajitofautisha bado. Kipimo kinachotoa hukumu ni kinyama kinachokatwa kwenye ukuta wa utumbo kwa ndani, kidogo kama kipande cha punje ya mchele, kinapelekwa maabara kuangaliwa kama seli za mishipa zipo. Kwa mtoto mchanga mara nyingi kinachukuliwa bila kumlaza usingizi kwa sababu eneo lile la juu kidogo halisikii maumivu ya kukatwa. Kwa mkubwa kidogo au pasipo na kifaa, wanampa dawa ya usingizi wanachukua kipande kikubwa zaidi. Majibu yanaweza kuchukua muda, uliza tarehe, andika namba ya maabara, fuatilia mwenyewe. Karatasi zinapotea.

Muulize pia dokta kama wanampima tezi ya shingo, ikifanya kazi chini ya kiwango nayo inachelewesha choo.

HATUA YA 6: Kuoshwa utumbo sio bomba

Wakati mnasubiri majibu au upasuaji wataanza kumwosha utumbo. Mpira laini unaingizwa taratibu, maji ya dripu ya chumvi yale ya 0.9% yaliyopashwa joto kidogo yanaingizwa kidogo kidogo, yanaachwa yatoke na choo na upepo, yanaingizwa tena. Kiasi cha mara moja kinakwenda kwa uzito, mililita 10 mpaka 20 kwa kila kilo, na nesi anapima yaliyoingia na yaliyotoka.

Tofauti na bomba ni hii: bomba unaingiza maji unategemea mtoto ayasukume mwenyewe. Huyu hawezi kusukuma! Maji yanabaki ndani, yakiwa ya kawaida bila chumvi yananyonywa kwenye damu, chumvi ya mwili inashuka, mtoto anapata degedege. Ndo maana nimesema bomba la nyumbani ni hatari kwa hawa watoto kuliko kwa mwingine yeyote.

Baadhi ya wazazi wanafundishwa kuosha wenyewe nyumbani. Sawa, lakini fundishwa kwanza, fanya mbele ya nesi mara kadhaa mpaka akuambie basi umeiva. Usijaribu kwa kusoma hapa.

HATUA YA 7: Choo kutokea tumboni (hapa ndo maisha yenyewe)

Kuna hospitali wanafanya upasuaji mmoja tu wakamaliza. Kwetu mara nyingi ni kwa awamu, hasa kama mtoto amefika amechoka au utumbo umevimba sana: kwanza wanatoa utumbo nje tumboni apate choo hapo, anakua, baadaye ndo upasuaji mkubwa, halafu kufunga ile ya tumboni. Huko kutoa utumbo nje ndo kunaitwa kolostomi. Wa kwangu aliwekewa akiwa na siku 8.

Mara ya kwanza nesi kufunua ile gozi nililia. Baba yake alitoka nje kabisa. Ni kitu chekundu kama nyanya iliyoiva, kimelowa, kinacheza cheza kidogo, kinatoka tumboni kwa mtoto wako. Lakini wekundu na unyevu ndo uzima wenyewe, na chenyewe hakiumi ukikigusa. Ukikifuta kinaweza kutoa damu kidogo kama fizi ukipiga mswaki, hiyo ya kawaida. Kikiwa cheusi, zambarau iliyokolea, au kijivu, au damu haikati, hospitali sasa hivi.

Usafi: maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini, inatosha. Hamna spiriti, hamna dawa ya kuulia wadudu, hamna sabuni yenye manukato. Kuoga anaoga kama kawaida, maji hayaingii tumboni. Kausha kwa kugusagusa sio kusugua, na kila siku mwache wazi dakika chache ngozi ipumue, ukiwa na kitambaa mkononi maana ndo muda huohuo anaamuaga kukushangaza.

Vifuko. Vipo, vizuri, ila ni ghali na saizi ya kichanga kuipata ni shughuli. Ukiwa navyo: pima tundu kwa karatasi, kata kifuko kizidi kidogo tu, kama milimita 2 pembeni, ukikata kikubwa choo kinalala kwenye ngozi kinaiunguza. Pima upya kila wiki zile wiki sita mpaka nane za mwanzo, maana ule uvimbe unapungua. Mwaga kikifika theluthi, kikijaa kinabanduka chenyewe, tena huwa ni ndani ya daladala. Na usipake mafuta chini ya kifuko, hakitashika. Mimi nilipoteza vifuko vitatu siku ya kwanza kwa ajili ya mafuta, nikadhani vibovu.

Vikiisha, na vitaisha, tunafanya hivi: fulana kuukuu za pamba au kanga iliyochoka laini, kata vipande, fua, anika juani, piga pasi. Ngozi inayozunguka paka mafuta mazito ya mgando au krimu ya zinki, paka nene, sio kama unapaka mtoto wa kwenda kanisani. Weka kitambaa kilichokunjwa, funga kwa mkanda mpana wa kitambaa kuzunguka tumbo usibane, au vuta nepi juu mpaka ifunike. Badilisha akishatoa tu, usisubiri. Kwa njia hii ngozi ya mwanangu ilikaa vizuri kuliko wakati wa vifuko, siwezi kudanganya.

Ngozi ikichubuka ikawa nyekundu inayotoa majimaji, ongeza zinki na kumwacha wazi, isipotulia siku mbili tatu rudi kliniki, wakati mwingine ni fangasi.

Utumbo kutokeza ukawa mrefu kama mkonga inatokea hasa akilia au akikohoa sana. Mtulize, mlaze, funika na kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, nenda hospitali. Ukibadilika rangi, au choo kimekata na anatapika, hapo ni mbio.

Mpime uzito kila mwezi. Asipoongezeka na ananyonya vizuri mwambie dokta, huenda anapoteza chumvi nyingi kwa pale, hasa kama kilichotolewa nje ni utumbo mwembamba.

Na watu... watakuuliza. Mimi kanisani kuna mama alihama benchi. Nilimvalisha mtoto ovaroli, nikafanya yangu.

HATUA YA 8: Upasuaji mkubwa

Sitarefusha, hii kazi ya madaktari. Wanakata kile kipande kisicho na seli, wanavuta ule wenye seli, ulio na afya, mpaka chini wanaushona karibu na njia ya haja kubwa. Orvar Swenson kule Boston ndo aliyeonesha kwamba inawezekana, mwaka 1948 ilichapishwa, baadaye wakaja Duhamel na Soave na njia zao, na kuanzia 1998 kuna ya kupitia chini bila kupasua tumbo. Ukisikia majina hayo wodini usibabaike, lengo moja. Kazi yako ni kuuliza mambo mawili: "mmefanya aina gani?" na "kipande kilikuwa kirefu kiasi gani?" waandike kwenye kadi. Miaka ijayo dokta mwingine atauhitaji huo mstari.

Baada ya wiki mbili tatu kliniki wataanza kupanua pale waliposhona kwa vyuma laini vya saizi saizi, na wengine wanakufundisha uendelee nyumbani. Nilichukia kila siku ya zoezi hilo. Usiache katikati bila kuambiwa, pakijikaza unarudi kwenye foleni ileile.

Choo sasa kinatoka chini, mara nane, kumi kwa siku, na makalio ambayo hayajawahi kuonja choo yanaungua vibaya. Anza zinki kabla hayajaungua, siku ya kwanza, nene kama unapiga plasta ukuta, na ukisafisha usiifute yote mpaka ngozi, toa choo cha juu tu uongezee nyingine. Hizo mara za choo zinapungua zenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Kuacha nepi anaweza kuchelewa kuliko wenzake, na wengine wanapata choo kigumu kwa miaka, usimchape.

HATUA YA 9: Kuharisha kwa huyu mtoto sio kuharisha

Hii hatua ndo bandika ukutani. Kuna maambukizi ya utumbo yanawapata watoto wa Hirschsprung, kabla ya upasuaji na hata baada, hasa mwaka wa kwanza na wa pili. Tumbo linajaa ghafla, homa, anaharisha kwa kishindo choo chenye harufu kali isiyo ya kawaida, wakati mwingine na damu, analegea, hataki kula. Inaweza kuondoka na mtoto ndani ya siku moja.

Mtego wake ni huu: ukienda zahanati wanaona mtoto anaharisha, wanakupa ORS na zinki, wanakurudisha. Kwa mtoto mwingine ni sahihi kabisa. Kwa wako anatakiwa alazwe, dripu, antibiotiki, utumbo uoshwe. Na dawa ya kuzuia kuharisha asipewe, inafungia uchafu ndani. Kwa iyo neno la kwanza mdomoni mwako liwe jina la ugonjwa.

Mwanangu ilimpata akiwa na mwaka na miezi miwili, Jumapili jioni, wiki 5 baada ya kila mtu kusema amepona. Kadi yake nilikuwa nimeibandika karatasi kwa mbele, nimeandika kwa maka pen: "Ana HIRSCHSPRUNG. Amefanyiwa upasuaji. Akivimba tumbo na homa au kuharisha ni dharura, aoshwe utumbo kwa maji ya chumvi 0.9%, mililita 10 mpaka 20 kwa kilo, dripu, antibiotiki. Mpigie daktari wake namba hii." Kijana wa zamu aliisoma amesimama, hakuniuliza kitu, akamchukua mtoto mkononi kwangu akaondoka naye kwa haraka. Saa sita usiku tumbo lilikuwa limeshuka.

HATUA YA 10: Mimba inayofuata

Huu ugonjwa unaweza kujirudia kwenye familia, wengi haurudii lakini uwezekano ni mkubwa kuliko kwa familia nyingine, zaidi kama wa kwanza kipande kilikuwa kirefu. Mwambie mkunga kabla hujaanza uchungu, sio baada.

Wa tatu wangu alizaliwa saa kumi na nusu alfajiri, wa kike. Niliandika saa kwenye simu kabla hata sijapewa chai. Saa moja, kavu. Saa tatu, kavu. Saa tano mkojo tu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni hasemi chochote kuhusu mchango, kila nikifungua nepi naye anainua shingo. Saa saba kasoro robo mchana lami ikatoka, nyingi, mpaka kwenye shuka la hospitali, na yeye ndo aliyewahi kuniambia, "Andika saa, mama."